Kisanduku cha Aprili

Matroni Chaula yu hai, ana miaka themanini na ushee, anasikia vizuri na akili zake zote zipo. Ndivyo Zuhura alivyoniandikia kwenye simu siku wasichana wa zamani wa shule yetu walipokubaliana kukutana Iringa na kumwalika matroni awe mgeni wa heshima. Niliisoma habari ile nimesimama dukani Mwanjelwa, nikaisoma tena nikiwa nje, na kilichonifurahisha kuliko vyote ni hapo kwenye kusikia. Kwa miaka mingi hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba angekufa, au angepotewa na fahamu na kuanza kuwaita wajukuu kwa majina ya marehemu, kabla sijamfikia. Wengine humwombea mzee afya kwa sababu wanampenda. Mimi nilimwombea afya ili siku nikiongea anisikie neno kwa neno. "Tumekupa dakika ishirini uongee na wasichana wa sasa," Zuhura aliendelea, "mambo yako yale ya mzunguko." Nikamjibu nitakuja. Hakuniuliza mbona nimekubali haraka hivyo. Mwaka ule wa kidato cha tatu alilala kitanda cha chini yangu, kwa hiyo anajua.

Mambo yangu yale, kama anavyoyaita, ndiyo maisha yangu. Nimefundisha biolojia hapa Mbeya mpaka nimestaafu, na hata sasa shule zikinialika naenda na mfuko wangu wa punje za mahindi. Kila mwanafunzi anapanga punje mezani, moja kwa kila siku, akianzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku moja kabla ya damu nyingine, halafu anahesabu. Mwingine anapata ishirini na sita, mwingine thelathini na moja, na yule wa ishirini na nane kamili anajiona amefaulu mtihani mpaka nimwambie hakuna mtihani hapo. Nawaeleza kwamba yai hutoka kama wiki mbili kabla ya damu ijayo, na kwamba kwa msichana mdogo siku zinaweza kuyumba kwa homa, kwa njaa, kwa hofu ya mitihani, au bila sababu yoyote inayojulikana. Wavulana nao nawakalisha hapohapo wapange punje zao. Wakicheka nawaongezea mfuko wa pili. Walimu wenzangu walidhani nina wito. Sikuwa na wito, nilikuwa na kinyongo, na kinyongo kikitunzwa vizuri kinaweza kumwamsha mtu alfajiri miaka thelathini bila kuchoka.

Chumba cha Matroni Chaula kilikuwa mwisho wa bweni, karibu na bafu, na ndicho chumba pekee chenye joto katika shule nzima. Asubuhi za Iringa mnazijua, ukungu umekaa mpaka saa nne, maji ya kunawa yanauma vidole, sisi tumejikunyata kwenye sweta za bluu zilizotoboka viwiko. Yeye alikuwa na jiko la mkaa, cherehani ya mkono iliyofunikwa kitambaa cha fuma, kitanda kilichotandikwa bila kunyanzi hata moja, na harufu ya sabuni ya mche. Juu ya cherehani lilikaa daftari. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, limechorwa kwa rula: majina kushoto kwa mpangilio wa vitanda, na mbele ya kila jina visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi wa kalenda, kuanzia Oktoba mpaka Septemba. Msichana akiingia kwenye siku zake alikwenda kugonga mlango ule, anasema, "Shikamoo, matroni. Nimefika." Anaonyesha kitambaa. Anaandikwa tarehe kwenye kisanduku cha mwezi huo, anapewa pamba, anaondoka. Za likizo tuliulizwa tukifungua shule. Tarehe mosi ya kila mwezi visanduku vya mwezi uliopita vilikaguliwa, na mwenye kisanduku kitupu aliitwa chumba cha wagonjwa.

Aliyeandika daftari lile nilikuwa mimi. Matroni alikuwa na mwandiko wa kuparura, na mimi mwandiko wangu ulisifiwa mpaka ofisi ya mkuu wa shule, basi akanichagua. Kila jioni kabla ya chakula nilikaa kwenye kigoda chake, yeye anataja, mimi naandika, halafu ananipa kikombe cha chai ya maziwa na kiazi kilichochomwa kwenye majivu. Mtu ambaye hajala makande ya shule siku tatu mfululizo hawezi kujua kiazi kile kilikuwa na maana gani. "Atuganile," alikuwa akiniambia, na Kihehe chake kikichungulia kwenye Kiswahili, "wewe utakuwa mtu. Una mkono safi." Nilimpenda. Naona aibu kuliandika hili, lakini nisipoliandika hamtaelewa urefu wa kuanguka kwangu.

Machi mwanzoni alifukuzwa Rehema. Alilala kitanda cha jirani yangu, msichana mrefu wa Rujewa, mkimya, anayetembea ameinamisha kichwa kana kwamba kila mlango ni mfupi. Kisanduku chake cha Februari kilikuwa kitupu. Matroni akambonyeza tumbo, akasema ni gumu, na siku ileile Rehema akaondoka na sanduku lake la bati kichwani. Niliambiwa nifunge mstari wake. Nikachukua kalamu nyekundu na rula, nikapiga mstari kuanzia Machi mpaka Septemba, nikaandika juu yake, kwa herufi kubwa zilizolingana, AMETOLEWA, na tarehe mosi pembeni. Jioni ile kwenye meza wenzangu walikuwa wananong'ona kwamba ni yule dereva wa lori la kuni, wengine wakasema ni mwalimu wa mazoezi. Zuhura akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa ndani ya mambo. "Februari yake tupu," nikasema nikijipakulia maharage. "Daftari halidanganyi." Meza nzima ikaridhika. Bakuli la Rehema likagawiwa kwa msichana wa kidato cha kwanza, na tukaendelea kula.

Mimi nilifika tarehe thelathini na moja Machi. Nikagonga, nikasalimu, nikajiandika mwenyewe kwa mkono wangu safi. Aprili ikaenda. Wiki ya tatu ikapita, ya nne ikapita, hakuna kitu, na sikuwa nimemgusa mwanaume wala kuguswa, hata barua ya mvulana nilikuwa sijawahi kupokea. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado nilianza kujitazama tumbo bafuni. Ndivyo daftari linavyoweza kukufanya. Siku mbili kabla ya mwezi kuisha Zuhura aliniinamia wakati tunafua. Yeye ni mtoto wa wafanyabiashara wa Iringa mjini, watu ambao asili yao ni pwani, na ana ulimi mwepesi. "Shoga, mimi nimeanza leo. Chukua kitambaa changu upeleke, useme umefika, basi yaishe. Matroni atajua lini?" Nilimkatalia. Si kwa sababu ya uaminifu, msinisifu bure. Nilikataa kwa majivuno. Mimi ndiye niliyekuwa naandika daftari, na niliamini kwamba aliyekunywa chai ya maziwa kwenye chumba kile hawezi kubonyezwa tumbo kama wengine.

Tarehe mosi Mei ni sikukuu, kwa hiyo aliniita tarehe mbili. Chumba cha wagonjwa kilikuwa na kitanda cha chuma na dirisha lililobandikwa magazeti. Hakuniita Atuganile, aliniita "wewe". Akanilaza, akanibonyeza chini ya kitovu kwa vidole vitatu, anatazama dari kama fundi anayesikiliza injini. "Gumu," akasema. Tulikuwa tumekula makande ambayo maharage yake hayakuiva, bweni zima lilikuwa na matumbo magumu, angembonyeza hata mwenyekiti wa bodi angesema hivyohivyo. Nikamwambia, "Matroni, sijafanya kitu. Naapa." Akasema, "Hata Rehema aliapa." Nikamwambia, "Matroni, wewe unanijua." Alikuwa anaosha mikono kwenye beseni. Alijibu bila kugeuka, "Nilidhani nakujua."

Kesho yake nikaambiwa nichukue vitu vyangu. Matroni alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule akimalizia barua, na chumba chake kilikuwa wazi. Niliingia. Jiko lilikuwa linawaka, na kwenye majivu kulikuwa na kiazi, sijui cha nani, pengine cha yule atakayeandika baada yangu. Nikafungua daftari juu ya cherehani, nikaupata ukurasa wa vitanda vyetu, nikauchana taratibu ili usitoe sauti, nikaukunja mara mbili nikautia kwenye soksi. Kiazi nacho nikakichukua. Nilikila njiani kinaniunguza ulimi na machozi yananitoka, na wala sijutii.

Baba aliisoma barua, akaikunja, akasema nipelekwe kwa shangazi Uyole kabla majirani hawajaniona. Tarehe tano asubuhi nilikuwa jikoni kwa shangazi tunamenya viazi, nikahisi, nikaenda chooni, nikarudi nikamwambia, "Shangazi, nimefika." Hakuelewa, ikabidi niseme kwa maneno ya kawaida. Alikaa chini juu ya maganda ya viazi akacheka, halafu akalia, halafu akafunga kitenge kingine na kusema twende hospitali. Daktari alinipima, akaandika kwenye karatasi yenye mhuri kwamba sina ujauzito. Shangazi aliishika karatasi ile kwa vidole viwili njia nzima ya kurudi Iringa, asije akaikunja. Tukasimama mbele ya mkuu wa shule. Akaisoma, akamwita matroni. Matroni Chaula akaisoma naye, akairudisha mezani, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Huenda imeharibika njiani." "Daftari langu halijawahi kukosea," matroni akaongeza. Mkuu akasema nafasi yangu imeshapata mtu mwingine, tukamshukuru, tukatoka. Ndiyo, tulimshukuru. Nikikumbuka tulivyokuwa na adabu siku ile natamani kuvunja kitu.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliimaliza jikoni Uyole. Wasichana wa mtaa walikuwa wakinitazama kiunoni kwanza ndipo usoni. Kanisani niliondolewa kwenye kwaya kwa muda, "mpaka mambo yatulie," na hakuna aliyeniambia mambo gani. Nilikuwa na ukurasa wangu. Mchana shangazi akienda sokoni nilikuwa naukunjua kidogo tu, mahali pa jina langu, sehemu nyingine naiacha imekunjwa, nauweka juu ya meza. Saba Oktoba. Kumi na moja Novemba. Kumi na sita Desemba. Ishirini Januari. Ishirini na nne Februari. Thelathini na moja Machi. Niliutazama mstari ule wiki nzima kabla sijamwaga mahindi mezani na kuanza kupanga punje kutoka tarehe moja hadi nyingine. Thelathini na tano. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Thelathini na tano, thelathini na tano, kila mara. Aprili ina siku thelathini. Mwili wangu ulikuwa umeiruka Aprili yote kwa haki yake, haukuchelewa hata saa moja, ulifika tarehe tano Mei kama ulivyopaswa kufika. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililipata peke yangu, miguu iko kwenye maganda ya viazi, nikaapa pale jikoni kwamba siku moja mwanamke yule atahesabu punje hizi mbele ya watu, na akimaliza kuhesabu aseme kwa kinywa chake, nilikosea. Mwaka uliofuata nilianza tena kidato cha tatu kwenye shule ya kutwa, nyuma ya wenzangu, na jina langu limeshanitangulia. Kila cheti nilichopata baada ya hapo nilimpelekea yeye moyoni.

Basi Jumamosi ile ya mwezi uliopita nikaingia ukumbini Iringa na mfuko wa mahindi na kopi ishirini za ukurasa wangu, nimefunika majina kwa karatasi kabla ya kutoa kopi. Palinukia pilau. Zuhura alikuwa jukwaani anapanga viti, amenenepa, amevaa baibui la kung'aa. Matroni alikaa mstari wa mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amejifunga blanketi jekundu miguuni, macho yako wazi. Nilimpigia goti kama wote. "Shikamoo, matroni." "Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani?" "Utanijua," nikasema.

Nikawagawia wasichana wa kidato cha tatu punje na kopi kwa makundi. Nikawaambia: hili ni daftari la zamani, mstari wa kwanza ni msichana mmoja, tarehe zake ndizo hizo, kisanduku cha Aprili kitupu. Alifukuzwa Mei tatu kwa mimba. Pangeni punje mniambie kama alikuwa nayo. Wakapanga, wanabishana, wanasukumana viwiko. Mimi sikuwatazama wao, nilimtazama matroni. Kundi la dirishani likamaliza kwanza. "Thelathini na tano, mwalimu. Zote." "Na ijayo ingekuwa lini?" "Tano Mei." "Walimfukuza lini?" "Tatu Mei," wakasema kwa pamoja, halafu wakatazamana, kwa sababu watoto si wajinga. Nilichukua punje thelathini na tano kwenye sahani nikaenda nikaziweka mapajani kwa matroni, juu ya blanketi. "Hesabu, matroni," nikasema. Yule mzee akazihesabu. Alitumia muda, kidole kimoja kwa kila punje, na ukumbi mzima ukamsubiri. Alipofika mwisho akainua uso. "Atuganile," akasema. Nilikuwa nimeingoja saa ile karibu miaka arobaini, na nakiri ilikuwa tamu. Nikainama ili nilisikie vizuri neno lile moja lililobaki.

Ndipo msichana mmoja wa kundi la dirishani akanyoosha mkono. Alikuwa mwembamba, sweta yake imetoboka kiwiko, huwa hazibadiliki. "Samahani, mwalimu. Sisi tumefanya na mstari wa pili." Nikamwambia mstari wa pili haukuwa kazi yao. "Ndiyo, lakini tumeshafanya. Ishirini na mbili Oktoba, ishirini na nne Novemba, ishirini na saba Desemba, ishirini na tisa Januari. Yeye ni thelathini na tatu kila mara. Ijayo ingekuwa tatu Machi, lakini huku wameandika ametolewa tarehe mosi Machi." Akaitazama tena kopi yake. "Naye hakuwa na kitu, mwalimu. Wangemngojea siku mbili tu."

Nilichukua kopi nyingine. Miaka yote hiyo nilikuwa naufungua ukurasa hadi kwenye mstari wangu na kuukunja hapo. Hata siku ya kutoa kopi nilishughulika na majina tu. Nilisimama nikahesabu kwa vidole, mbele ya watoto, mimi mwalimu wa kuhesabu, na zikatimia thelathini na tatu.

"Huyo ni Rehema," matroni akasema. Punje zilikuwa bado mapajani mwake. Hakuwa ananitazama tena. "Nilikosea," akasema, kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi, na halikuwa langu neno lile, lilikuwa la Rehema. Yule msichana alikuwa anapitisha kidole juu ya lile neno lenye herufi zilizolingana. "Aliyeandika ana mwandiko mzuri," akasema. Matroni alijua ni nani. Angeweza kusema, na ingekuwa haki yake, lakini aliniachia mimi. Nikasema, "Niliandika mimi."

Pilau lililiwa, picha zikapigwa, mimi nimo kwenye picha zote. Jioni nilimwomba Zuhura namba ya Rehema. Alitafuta kwenye kundi letu la simu, tuko zaidi ya mia moja mle, tunatumiana maua kila Jumapili na kuchangiana misiba. Rehema hayumo. Tuliuliza kila mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuwahi kufikiria kumwingiza. Mtu mmoja tu ndiye aliyesikia kwamba yuko Rujewa, karibu na mashine ya mpunga, anauza mchele, na kwamba baba yake alimwoza mwaka uleule kwa mtu mzima ili kufuta aibu.

Kesho naenda. Ukurasa nimeukunjua wote, nimeutia kwenye bahasha ngumu ili usikunjike tena, na punje thelathini na tatu nimezifunga kwenye leso. Shangazi angekuwa hai angeniambia nibebe na zawadi. Sijabeba, kwa sababu najua mtu aliyefanyiwa hivi anataka nini, na zawadi si mojawapo. Nitakaa atakaponiambia nikae, nitamwekea punje mbele yake, nitamwambia nani aliyepiga ule mstari mwekundu na nani aliyesema pale mezani kwamba daftari halidanganyi. Akitaka kunifukuza, mlango utakuwa wake. Mimi ningekuwa yeye, nisingenisamehe.